Ukurasa Niliouchana

Ninyi wawili mliorithi meza yangu mliniomba niwaandikie namna kazi ile inavyofanywa. Nadhani mlitaka orodha: kwanza washa skana, pili hakikisha picha ina mandhari ya buluu. Orodha hiyo nimeiandika mara nne na mara nne nimeichana, kwa sababu kila nilipoisoma niliona imeruka jambo lenyewe. Hii ni ya tano. Sitaichana hata mkikuta makosa.

Kustaafu ni neno la wazee wa reli, wanaoagwa kwa baiskeli na saa ya ukutani. Mimi nina miaka thelathini na moja. Lakini kiti kile nilikikalia tangu nikiwa na kumi na tisa na sitarudi tena, kwa hiyo naomba wazee waniazime neno lao.

Nilifika kwa Mzee Sefu, steshenari ya nyuma ya soko, mwezi mmoja baada ya matokeo yangu ya kidato cha nne. Yalikuwa mabaya kiasi kwamba mama aliwaambia majirani hayajatoka. Mzee Sefu alikuwa amepiga taipureta kwenye baraza la mahakama miaka mingi, akiandikia watu barua za mirathi na talaka. Kompyuta zilipoingia mjini alinunua mbili, akaziogopa zote. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya moja, akavuta kitambaa kilichoifunika kama mtu anayefunua maiti, akasema, "Isome hiyo, binti. Ukiielewa, unifundishe."

Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza kitu, nikaandika kwenye karatasi kilichotokea, nikabonyeza kingine. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Itetemia, aliyeleta mtihani wa darasa la nne niuchape. Nikatoa nakala arobaini, swali la saba likiwa limejirudia mara mbili. Mwalimu alicheka. "Acha tu, Rukia. Watoto watashukuru, alama moja ya bure." Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani sikula. Kesho yake nilimfuata shuleni na nakala arobaini mpya, nikakuta mtihani umeshafanyika na watoto wako nje wanacheza. Nawaambia haya ili mjue aliyekuwa akikaa kwenye kiti kile ni mtu wa namna gani. Wakati huo niliiona tabia hii kuwa sifa.

Kisha maombi ya vyuo yakahamia mtandaoni, na kazi ikageuka. Mnajua wenyewe mji wetu unavyojisifu kwa shule. Vijana wametoka kila pembe ya nchi kuja kusoma hapa. Lakini mtoto wa Puge au wa vijiji vya Urambo akimaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, hana pa kubonyeza. Anapanda gari hadi mjini na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, anauliza sokoni "dada wa fomu yuko wapi?", anaonyeshwa mimi. Mimi wa daraja la nne nikawa mlango wa chuo kikuu. Mzee Sefu aliliona hilo linachekesha kuliko nilivyoliona mimi. Alikuwa akisema sisi wa mji huu ni wajukuu wa wapagazi, tumezoea kubeba mali tusiyoila. "Ila mpagazi hafungui mzigo," aliongeza, "na hauweki chini njiani bila kumwambia mwenyewe."

Kulikuwa na kesi ngumu, nami nilizipenda. Yuko binti ambaye baba yake alifia kwenye kambi ya tumbaku porini, asiandikishwe popote, na fomu ya mkopo ilitaka cheti cha kifo. Tulizunguka wiki tatu, kutoka kwa mtendaji wa kijiji hadi wilayani, mpaka tukakipata. Yuko kijana wa Igunga aliyejaza "chochote" katika nafasi zote tano za kozi. Nikamwambia hakuna kozi inayoitwa Chochote. Akafikiri, akasema, "Basi dada, niweke ile iliyo jirani nayo." Leo ni bwana mifugo.

Vifaa vyangu vikubwa vilikuwa viwili, na hapa msikilize vizuri.

Cha kwanza ni kitochi, simu ndogo ya vibonyezo. Wanafunzi wengi wa vijijini walikuwa hawana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hawana laini zao. Walikuwa na laini ya baba, ambayo mwezi ujao ni ya mjomba, ambayo baadaye inapotea mnadani. Kwa hiyo kila fomu niliijaza namba ya kitochi cha dukani. Ilikuwa desturi ya steshenari zote mjini na hakuna aliyeiona vibaya. Ujumbe wowote wa chuo ulikuja kwangu, mimi nikawapigia wenyewe.

Cha pili ni kauntabuku. Kitochi hakibebi ujumbe mwingi, kikijaa kinakataa mpya. Kwa hiyo kila ujumbe nilinakili kwenye kauntabuku, kisha nikaufuta. Jina, kijiji, chuo, namba ya uthibitisho. Mistari nilipiga kwa rula. Kalamu ya buluu kwa majina, nyekundu kwa namba. Ukurasa ukichafuka, hata kwa doa moja, niliuchana, nikanakili wote upya. Wateja waliona kauntabuku ile wakatulia mioyo. Baba mmoja aliigusa kwa kidole, kama anavyogusa kitambaa dukani.

Nyamizi Maganga alikuja kutoka Puge na matokeo mazuri kuliko yote niliyopokea mwaka ule. Alikuwa mrefu, mkimya, na kila nilichojaza alikisoma kwenye skrini akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Jambo hilo lilinikera. Tulijaza vyuo vitatu. Alipoondoka aliuliza, "Dada, nitajuaje?"

"Nitakupigia kwa namba ya jirani yenu."

"Na usipopiga?"

"Mimi sisahau," nilisema.

Ujumbe ulipoanza kuingia, uliingia kama mvua ya mawe. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja alipewa namba ya uthibitisho, na siku zake ni chache: asipothibitisha anakotaka kwenda, nafasi zote zinapotea. Niliandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Kwenye mstari wa mwisho kalamu nyekundu ikavuja. Doa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya uwele. Nikauchana ukurasa, nikautupa kwenye boksi la karatasi chakavu, nikanakili upya majina yote, nikajisikia msafi.

Niliruka jina moja.

Nyamizi alipiga mara mbili kwa simu ya jirani. Mara zote mbili nilifungua kauntabuku, nikashusha kidole kwenye mistari yangu mizuri, nikamwambia, "Bado, mdogo wangu." Mara ya pili ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha.

Siku mbili baadaye printa ilikuwa inatoa mistari myeusi. Nikachukua karatasi chakavu kwenye boksi la kujaribia, nikaiingiza. Ilitoka ikiwa na mistari myeusi juu ya mwandiko wangu. Nyamizi Maganga, Puge. Vyuo viwili, kimoja Mwanza, kimoja Dodoma, na namba mbele ya kila kimoja.

Mpaka hapo, wenzangu, lilikuwa kosa. Makosa yapo. Na dirisha la awamu nyingine ya maombi lilikuwa bado wazi, zimebaki siku nne. Ningempigia siku ile ile, angekuja, tungeomba tena, na kwa alama zake angepata. Nilichotakiwa kufanya ni kusema "nimekosea" kwa simu ya jirani.

Siku ya kwanza nilijiambia nitafute kwanza maneno mazuri. Siku ya pili nilikuwa bado nayatafuta. Siku ya tatu akaja mwenyewe. Alisimama mbele ya meza, viatu vimejaa vumbi la njiani, hakukaa.

"Dada Rukia. Shikamoo."

"Marahaba."

"Wenzangu wote wameshapata majibu. Mimi nimekosa nini?"

Mzee Sefu alikuwa kwenye benchi anakunywa kahawa. Wateja watatu walikuwa wakisubiri kopi. Kauntabuku ilikuwa wazi mbele yangu, haina hata doa. Nikasema, "Mfumo umekukataa, mdogo wangu. Mwaka huu ushindani ni mkubwa."

Mnalijua neno mfumo. Tunalitumia kila siku, na halina ndugu wa kuja kulitetea. Nyamizi aliniangalia kidogo, kama mtu anayesoma skrini. "Kwa alama zile?"

"Mfumo haujali alama peke yake."

"Na hii awamu nyingine?"

Hapo ndipo kwenye aibu yangu kubwa zaidi. Ningeweza kusema tujaze sasa hivi. Lakini kujaza kungenilazimu kuingia kwenye akaunti yake mbele ya macho yake, naye angeona kwamba alikuwa amechaguliwa. Nikasema, "Aliyekataliwa mwanzo hukataliwa tena. Usipoteze nauli."

Alinishukuru, akaondoka. Mzee Sefu aliuliza, "Yule si ndiye mwenye alama nzuri?" Nikamjibu ndiye, mfumo tu. Akanywa kahawa yake.

Misimu miwili ilipita. Wateja waliongezeka, kauntabuku zikafika sita, na watu walinisifu kwamba sikosei. Nilijifunza kutotazama wanafunzi wanaosimama nyuma ya bega langu.

Kisha wakaja mabinti wawili kutoka Puge, marafiki, wanacheka cheka. Mmoja alikuwa anajaza, mwenzake amemsindikiza tu. Nikamwuliza yule wa pili, "Na wewe matokeo yako?"

"Mimi sijazi, dada. Baba kakataa."

"Kwa nini?"

Wakatazamana, wakacheka tena. Yule wa kwanza akasema, "Kwetu kuna dada mmoja aliwadanganya watu amefaulu sana. Babake akatangaza, wajomba wakaja, mbuzi akaliwa. Kumbe hana kitu, mfumo ukamwumbua. Sasa wazazi wanaogopa. Ukisema umefaulu unaambiwa, 'Umefaulu kama Nyamizi?'"

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko Urambo kwa shangazi yake, anachambua tumbaku. Babake alimwambia asimwonyeshe uso mpaka ajifunze kusema kweli."

Nikamaliza fomu ya yule binti. Sijui niliijazaje. Walipotoka nilikwenda kukaa kwenye benchi karibu na Mzee Sefu, nikamweleza yote: doa, ukurasa, zile siku nne, na mfumo. Nilikuwa nalia. Nilitumaini atanitukana, maana matusi yana mwisho. Akanisikiliza mpaka nikanyamaza, akasema, "Unaniambia mimi wa nini? Mimi niliomba chuo?"

Jumamosi ile nilipanda basi la Urambo. Nilimkuta Nyamizi nyuma ya nyumba ya shangazi yake, kwenye banda, kati ya marundo ya majani makavu. Alikuwa anayapanga kwa madaraja: marefu ya rangi ya dhahabu huku, yenye madoa kule. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi ya tumbaku.

"Dada wa fomu," alisema. "Umepotea njia?"

Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu njia nzima, yakaniishia. Nikamwambia vibaya, nikianzia katikati. Mikono yake haikusimama. Jani hapa, jani pale. Nilipofika mwisho aliuliza, "Vyuo vingapi?"

"Viwili. Mwanza na Dodoma."

"Kwa hiyo nilichaguliwa."

"Ulichaguliwa."

"Na siku niliyokuja, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akachukua jani, akalitazama mbele ya mwanga, akaliweka kwenye rundo. "Pole zako sina pa kuziweka. Baba yangu ananiita mwongo. Nenda ukamwambie yeye."

"Twende wote. Nitasema mbele yako."

"Nikiwepo watasema nimekununua." Kwa mara ya kwanza aliacha kazi, akanitazama. "Nenda peke yako. Sema kama ulivyoniambia mimi, usilitengeneze."

Wiki iliyofuata nilikwenda Puge. Mzee Maganga alikuwa anasuka kamba ya ng'ombe uani. Nilimwamkia, akaniletea kigoda na maji. Niliposema nimekuja kwa habari ya binti yake alinichungua mtandio na mkoba wangu, uso ukamlainika.

"Umetumwa posa? Siku hizi washenga ni wanawake?"

"Hapana, baba. Nimekuja kusema kosa langu."

Nikasema. Aliisuka kamba mpaka nilipofika kwenye ukurasa, hapo akaiweka chini. Nilipomaliza hakunitukana wala hakunifukuza. Alimwita mdogo wake aliyekuwa ng'ambo ya boma, akamkalisha, akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Mdogo mtu aliuliza, "Pale kwenye karatasi. Uliichana kwa ajili ya doa?"

"Ndiyo."

"Doa la nini?"

"La wino."

"Kubwa?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. Akamgeukia kaka yake. "Kwetu hata ng'ombe mwenye doa tunamtunza."

Jirani mwenye simu akaja. "Rudia," alisema Mzee Maganga. Akaja mjomba aliyekula mbuzi. Rudia. Mke wa Mzee Maganga alisimama kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko, na kila niliporudia sehemu ya siku nne alifumba macho. Kufikia mara ya tano nilikuwa sina tena maneno mazuri, yalibaki matupu: niliaminiwa, nikaogopa aibu, nikamvisha mtoto wenu.

Mwisho akaletwa bibi, mama yake Mzee Maganga, akishikwa mkono. Kiswahili hakisikii. Mzee Maganga aliniambia, "Na huyu mwambie."

"Baba, Kinyamwezi changu ni kibovu."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mimi ni mtoto wa mjini. Kinyamwezi nilikiokota sokoni, cha kununulia viazi. Nikamwambia bibi yule dhambi yangu kwa maneno ya kununulia viazi, nikikwama, mjukuu mdogo akicheka mpaka akafinywa. Nadhani nilisema kwamba nilikula karatasi ya mtoto. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha sikio. Kisha akauliza kitu kifupi, mdogo mtu akanifasiria: "Anauliza, mtoto alisema kweli?"

"Alisema kweli."

Bibi akamgeukia mwanawe. Alichomwambia hakikufasiriwa, lakini Mzee Maganga alisimama kama aliyechapwa. Alichukua simu ya jirani, akapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, ndipo mtandao unaposhika. Tulimwona akizungumza akiwa ametupa mgongo. Hakuzungumza sana. Muda mwingi alikuwa anasikiliza tu, kofia yake mkononi.

Aliposhuka alisema, "Anakuja Jumanne kujaza fomu. Amesema umwonyeshe pa kubonyeza, usiguse."

Jumanne alikuja, na baba yake. Mzee Maganga alikaa kwenye benchi na Mzee Sefu. Nyamizi alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma ya bega lake. Alikuwa na kitambulisho kipya na laini ya jina lake mwenyewe. Aliandika kwa vidole viwili, polepole. Alikosea namba ya mtihani, akafuta. Alikosea tena, akafuta tena. Niliona kosa la tatu kabla yake, mikono yangu ikainuka yenyewe, nikaishusha nikaikalia pembeni kwenye stuli. Akaliona mwenyewe. Kazi ya dakika ishirini ilichukua saa mbili, na fomu ile ilitoka sahihi.

Alipomaliza alifunga akaunti yake, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukitia kwenye pindo la kanga. Baba yake alisimama. Nyamizi akaniaga kwa heshima inayompasa mtu mzima, wala si zaidi.

Mwezi wa majibu ulipofika, kitochi cha dukani kililia mchana kutwa kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Kwa ajili yake hakikulia. Kama alichaguliwa, na wapi, ujumbe ulikwenda Puge. Yule binti wa Puge aliyekuwa amekatazwa na baba alikuja kujaza fomu yake, na babake akiwa naye. Sikuwauliza habari za Nyamizi. Niliwapa kibodi.